Bastola kiunoni inakuumiza? Hivi ndivyo unavyochagua na kurekebisha ala yake

Mwezi wa saba Arusha hakuna shida. Baridi ya Meru inashuka, kila mtu yuko ndani ya koti au jaketi zito, na mwenye bastola kiunoni anapita Mnara wa Saa bila mtu yeyote kujua.

Shida inaanza akishuka Mererani. Kule ni jua na vumbi. Koti linavuliwa, shati linagandana na mgongo kwa jasho. Sasa utamuona: kila hatua kumi anapandisha suruali, mkono hauishi kugusa kiuno, akikaa anajipinda upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Mwisho anachoka. Anaichomoa, anaisukuma chini ya kiti cha gari, anaendelea na mambo yake. Akirudi akakuta kioo kimevunjwa, hana tena tatizo la kiuno. Ana tatizo la polisi.

Ndiyo maana suala la ala ya bastola, ile ambayo wauzaji wengi wanaiita holista, siyo suala la kujidekeza. Ala ikikuumiza utaivua, na silaha iliyovuliwa ovyo ndiyo inayopotea, inayoibiwa, au inayookotwa na mtoto.

Tuelewane kabla ya kuanza: makala hii ni ya mtu mwenye leseni yake. Kama huna, hakuna ala itakayokusaidia.

Sheria inakutazama wewe

Hapa Tanzania silaha za kiraia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni inatolewa kwa jina lako na kwa silaha hiyo hiyo iliyosajiliwa. Humwazimi shemeji, humwachii dereva, humpi fundi akae nayo hadi kesho. Ulinzi wake, usiku na mchana, uko juu yako.

Kwa mkoa huu watu wanajua kwa nini baadhi ya wafanyabiashara wa madini wanaomba leseni. Wengi hawajasahau Agosti 2013, mfanyabiashara wa tanzanite Erasto Msuya alipouawa kwa risasi wilayani Hai. Hofu ipo, na ina sababu.

Lakini hofu isikufanye uonyeshe silaha. Afrika Kusini wameliandika jambo hili wazi kwenye sheria yao ya silaha ya mwaka 2000: bastola ikibebwa mahali pa umma lazima iwe kwenye ala au kifaa cha namna hiyo, ifunikwe kabisa, na mwenyewe awe na uwezo wa kuidhibiti. Hata kama hukai Johannesburg, hicho ni kipimo kizuri cha kujipima: iko kwenye ala, imefunikwa, iko chini ya mkono wako.

Ala ina kazi gani hasa?

Muangalie Mmasai na sime yake. Haichomeki kwenye shuka hivi hivi. Ina ala ya ngozi nyekundu, imekatwa kwa kipimo cha sime ile ile, na inakaa ubavu ule ule kila siku. Bastola nayo inataka hivyo hivyo.

Kazi ya kwanza ya ala ni kufunika triga yote, ili kidole, ufunguo au kona ya shati isiweze kuigusa. Ya pili ni kushika bastola isianguke ukiinama au ukikimbia. Ya tatu ni kuiweka sehemu moja tu, isizunguke kiunoni. Faraja inakuja baada ya hizo tatu. Ala laini inayoacha triga wazi ni hatari, hata kama haikuumizi.

Kuna wanaochomeka bastola kiunoni bila ala yoyote, kama kwenye sinema. Muulize Plaxico Burress. Huyu alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ndiye aliyefunga alama za ushindi za New York Giants kwenye fainali ya Super Bowl, Februari 2008. Novemba mwaka huo huo aliingia klabu ya usiku New York na bastola aina ya Glock kiunoni, bila ala. Ikateleza, akajaribu kuidaka, ikalia. Risasi ikapita kwenye paja lake mwenyewe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa kubeba silaha bila kibali cha jiji lile.

Ndani ya tukio hilo kuna somo la pili: bastola ikianguka, iache ianguke. Usiidake. Ukiidaka, kidole kinakwenda kwenye triga chenyewe.

Ngozi, plastiki ngumu au kitambaa?

*Ngozi* inakaa vizuri mwilini na haipigi kelele. Ikiwa mpya inabana sana. Hakikisha bastola haina risasi, izungushie mfuko mwembamba wa plastiki, ichomeke ndani, iache usiku mmoja ndani ya sefu. Asubuhi ngozi itakuwa imeachia kidogo. Shida ya ngozi ni uzee: mdomo wake ukilegea, unaweza kukunjikia ndani wakati unarudisha bastola, na mkunjo huo ukabonyeza triga. Ala ya ngozi iliyolegea mdomo haifai tena, itupe.

*Plastiki ngumu*, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kydex, inafinyangwa kwa umbo la aina moja ya bastola. Mdomo hausinyai, jasho halipenyi, na ina skrubu za kurekebisha. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu kweli, na kingo zikiwa kali zitakukwangua nyonga.

*Kitambaa cha nailoni*, zile za bei rahisi zinazosemwa zinaingia bastola yoyote, ndizo za kuogopa. Kitu kinachotosha bastola zote hakijatengenezwa kwa ajili ya yako. Mara nyingi zinalegea na mdomo unajifunga ukichomoa silaha.

Unaweza kumpata fundi mzuri wa ngozi hapa mjini akakutengenezea. Ila bastola usimwachie. Chora umbo lake kwenye karatasi ngumu, mpelekee vipimo, na siku ya kujaribu nenda na silaha tupu, usimame naye hadi amalize. Fundi akikuambia, "Niachie tu kaka, uje jioni," jibu ni hapana.

Ikae wapi?

Kwenye video za Wamarekani utasikia wakitaja sehemu za kiuno kwa saa. Angalia usichanganyikiwe: wanasoma namba za kwenye uso wa saa, siyo saa zetu. Kitovu ni namba 12, ubavu wa kulia ni namba 3, uti wa mgongo ni namba 6. Kwetu mshale mfupi ukiwa kwenye 3 tunasema saa tisa, kwa hiyo wewe fuata namba, saa sahau.

*Ubavuni, namba 3.* Rahisi kuzoea. Ila kwa mtu mwembamba mpini unatokeza, na shati la kubana linaonyesha kila kitu.

*Nyuma kidogo ya nyonga, namba 4 hadi 5.* Inajificha vizuri chini ya koti. Ubaya wake, ukiinama kuokota kitu, mpini unasukuma shati na watu walio nyuma yako wanaona.

*Mbele, kati ya 12 na 1.* Inafichika sana na iko chini ya macho yako muda wote. Lakini mtutu unaelekea kwenye paja na sehemu nyeti. Hapa ala lazima iwe ngumu na ifunike triga bila mjadala. Mwenye kitambi nayo itamchoma akikaa.

*Mgongoni, namba 6.* Usiweke. Ukianguka chali, chuma kinakutana na uti wa mgongo. Na mtu akisimama nyuma yako, yeye yuko karibu nayo kuliko wewe.

*Kwapani.* Kwa baridi ya Juni hadi Agosti inafaa kwa mtu wa koti, hasa anayekaa muda mrefu kwenye gari. Sharti lake ni moja: koti halivuliwi hadi unarudi nyumbani. Pia kwenye aina nyingi mtutu unaelekea nyuma, kwa hiyo fikiria nani yuko nyuma yako.

Kabla ya kulaumu ala, angalia mkanda

Watu wengi wananunua ala nzuri halafu wanaitundika kwenye mkanda wa suti. Bastola ya milimita 9 ikiwa na magazini iliyojaa inaweza kukaribia kilo moja. Mkanda mwembamba utajikunja, suruali itashuka upande mmoja, na utaanza ile tabia ya kupandisha kila hatua kumi.

Tafuta mkanda mgumu wa ngozi nene au ya tabaka mbili, upana wa kama milimita 38. Hakikisha unajaa kwenye klipu au kitanzi cha ala. Ukipwaya, ala itacheza. Na kama ala inavaliwa ndani ya suruali, ongeza saizi moja ya kiuno. Suruali inayokutosha barabara leo haitakutosha ukiongeza chuma ndani yake.

Vaa fulana ya ndani. Inazuia kingo zisikukwangue, na inapunguza jasho linalofika kwenye chuma.

Marekebisho manne yanayoleta nafuu

Bastola iwe tupu, risasi ziwe chumba kingine, ukague chemba mara mbili. Halafu chukua bisibisi.

1. *Kimo.* Ala nyingi za plastiki zina matundu ya kupandisha au kushusha klipu. Ikikaa chini sana, mkono haushiki mpini vizuri. Ikikaa juu sana, inapinduka kuelekea nje na kuonekana. Lengo ni vidole vyote vishike mpini bila kukwaruza mkanda.

2. *Mwinamo.* Bastola ikikaa nyuma ya nyonga, iinamishe kidogo mbele, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha. Mpini utafuata mstari wa mwili badala ya kutokeza. Ikikaa mbele, iache wima.

3. *Mkazo.* Kaza skrubu kidogo kidogo. Kipimo chepesi: shika ala na bastola tupu ndani yake, igeuze juu chini juu ya godoro, itikise taratibu. Isidondoke. Halafu ichomoe: itoke kwa mvuto mmoja, bila kuling'oa na suruali. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko wa barabara, kwa hiyo zikague kila wiki.

4. *Kabari.* Huu ndio ujanja ambao wengi hawaujui. Kama mpini unatokeza juu, bandika kipande cha sponji upande wa ala unaogusa mwili, karibu na mdomo wa bastola chini. Kinasukuma sehemu ya chini nje, mpini juu unarudi ndani kuelekea tumboni. Sponji hiyo hiyo inaondoa ile kona inayochoma kinena.

Badilisha kitu kimoja kwa siku. Ukigeuza vyote vinne kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Garini, kwenye hiace na kwenye boda

Hapa ushauri wa video za nje unakosea kwa ajili yetu. Marekani dereva anakaa kushoto, na kifungo cha mkanda wa gari kinakuwa kwenye nyonga yake ya kulia, pale pale bastola ilipo. Kwetu dereva anakaa kulia, kifungo kiko kushoto kwake. Kwa hiyo dereva wa Arusha anayetumia mkono wa kulia ana nafuu. Anayepata shida ni abiria wa mbele: kwake kifungo kiko kulia na kitagombana na ala. Funga mkanda kwanza, toa shati lisinaswe, ndipo gari liondoke. Bastola haipangwi upya wakati gari linatembea.

Kwenye hiace ya kwenda Tengeru siku ya soko, jirani yako ataisikia nyonga yako kabla hamjafika. Kama huna usafiri mwingine, kaa dirishani upande ambao bastola inaelekea ukutani. Kusimama ni kubaya zaidi: ukinyanyua mkono kushika bomba, shati linapanda nalo. Ukweli ni kwamba siku ya kubanana hivyo, bora iachwe kwenye sefu.

Kwenye bodaboda unainama mbele na upepo unainua koti nyuma. Iliyo kwenye namba 4 au 5 itaonekana barabara nzima. Funga zipu, vaa koti refu linalopita makalio. Na zile kamba za kukaza jaketi, zenye vifungo vya plastiki mwishoni, zikate au zifunge ndani. Kamba ikiingia kwenye triga wakati unarudisha bastola, hutapata nafasi ya kujuta. Kurudisha ni taratibu, ukiangalia kwa macho, kidole kikiwa kimenyooka nje.

Chooni, baa na hifadhini

Hakuna anayependa kuongelea choo, lakini silaha nyingi husahaulika huko. Kwenye choo cha kuchuchumaa, ukilegeza mkanda, uzito unaivuta ala chini. Usiitoe bastola ukaiweka dirishani au ukaitundika kwenye msumari. Iache ndani ya ala, kaza mkanda magotini ili ala isipinduke, ishike kwa mkono mmoja. Jizoeze nyumbani kwanza, ikiwa tupu.

Nyama choma na bia? Chagua moja: glasi au silaha. Hapa hakuna marekebisho ya skrubu.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha nayo, huingii na silaha yako bila kibali. Wanaopanda Meru kutoka lango la Momella wanasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Ile ni kazi yake. Yako ibaki nyumbani. Mahakamani, benki na viwanja vya ndege, uliza utaratibu kabla ya kufika mlangoni.

Kwa akina mama: tahadhari na mkoba

Nguo nyingi za kike hazina mkanda, kwa hiyo mkoba unaonekana ndiyo jibu. Lakini mkoba unawekwa kwenye kiti, unaning'inizwa, unaporwa na vijana wa pikipiki kwa sekunde mbili. Na watoto wanazoea kuchimba humo kutafuta pipi.

Desemba 2014, huko Hayden, jimbo la Idaho, Marekani, mama mmoja aliuawa ndani ya duka na mtoto wake wa miaka 2. Mtoto alifungua mkoba na kuikuta bastola. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea silaha.

Bora mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaofungwa tumboni chini ya blauzi au dera, wenye ala ngumu iliyoshonewa ndani. Kama ni lazima mkoba, uwe na chumba chake chenye zipu, ala ndani yake, kitu kingine kisiingie humo, na mkoba usitoke mwilini.

Jaribu wiki nzima ndani ya nyumba

Kabla ya kutoka nayo, vaa ala na bastola tupu nyumbani, saa mbili siku ya kwanza, kisha ongeza. Kaa, inama kufunga viatu, chuchumaa, panda ngazi, ingia na kutoka garini. Mwambie mwenzako akuangalie kwa mbele, pembeni na nyuma. Mahali palipobaki alama nyekundu ndipo pa kurekebisha kesho.

Kubanwa kidogo ni kawaida, utazoea. Ganzi ya mguu au maumivu yanayoshuka pajani siyo kawaida. Hamisha sehemu au badilisha ala.

Jioni futa jasho kwenye chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na usihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu. Ngozi inatunza unyevu, na unyevu unaleta kutu. Ala ikauke nje, bastola ilale kwenye sefu.

Na siku trafiki wakikusimamisha barabara ya Moshi, mikono ibaki juu ya usukani. Sema kwa heshima, "Afande, nina silaha ya leseni, iko kiunoni kulia," halafu subiri uambiwe ufanye nini. Usiiguse kuonyesha.

Ukifika jioni hujaigusa mara moja, hujaipandisha, hujaificha chini ya kiti, na hakuna aliyejua kwamba ulikuwa nayo, basi ala yako iko sawa.